Injini ya pikipiki kwenye go-kart: sawa, lakini ipi?

Ukikaa na mafundi wa jua kali Malindi, ubishi wa go-kart, kile kigari kidogo cha mbio cha fremu ya mabomba, hauchelewi kuanza. Kuna wanaosema injini ya pampu ya maji yatosha: haina giya, klachi yake hushika yenyewe ukikanyaga mafuta, na hata kijana mdogo huimudu. Wengine huicheka wakisema ni mashine ya kukatia nyasi. Hawajakosea sana, maana go-kart ya kwanza, aliyoiunda Art Ingels kule California mwaka 1956, iliendeshwa na injini ya namna hiyohiyo. Hoja yao ni kwamba pikipiki zilizokufa zimejaa kwenye magereji, kwa nini uiache injini yenye giya tano iote kutu? Tatizo ni kwamba wakishaonja ya bodaboda, huanza kuulizia injini za pikipiki kubwa za cc 600 na 1000.

Tupige hesabu kwanza. Injini ya pampu ya cc 196 hutoa nguvu za farasi 6 hivi, na gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini, huizuia kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Ya bodaboda ya 150 hutoa kama 12 na huzunguka kupita 7,000. Kart na dereva wakiwa kilo 180, farasi mmoja anabeba kilo 15. Gari la Toyota Probox la 1500, lenye farasi 109, liko karibu na kilo 10 kwa farasi. Kwa hiyo kart ya bodaboda ina mbio za kufurahisha, si za kutisha. Chukua sasa injini ya 600 yenye farasi 100: kart na dereva wakifika kilo 250, kila farasi anabeba kilo 2 na nusu. Hicho ni chombo cha aina nyingine kabisa, japo kwa macho vinafanana.

Wanaoitetea injini ya bodaboda wana haki juu ya vipuri. Pistoni, ringi, klachi, kabureta, vyote vinapatikana mjini bila kuagiza. Wanachokisahau ni kwamba injini ile iliundwa kwa ajili ya pikipiki, na ukiihamisha ilivyo inakugomea.

Kosa la mwanzo huwa sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni. Tairi ya nyuma ya pikipiki, 3.00-17, husogea mita 1.83 kila ikizunguka mara moja. Ya go-kart ya inchi 11 husogea sentimita 88 tu. Ukiacha meno 14 mbele na 42 nyuma, injini iliyokuwa ikikupeleka 90 kwa saa sasa itapiga yowe ukiwa kwenye 43. Weka meno 20 nyuma urudi kwenye 90, au 24 upate 75 hivi na kuondoka kwepesi zaidi. Kwa kart ya kufurahia, 24 ni bora. Tena sproketi ya meno 42 ina upana wa sentimita 17, yaani inabaki kama sentimita 5 na nusu tu kutoka chini. Kwa mchanga wetu huu, cheni itakuwa inachota kila inapopita.

Injini ifungwe ikitazama mbele kama ilivyokuwa kwenye pikipiki. Ukiigeuza, kart itakuwa na giya tano za kurudi nyuma, na si kichekesho, watu wamefanya. Na kwa kuwa pikipiki nyingi hutoa cheni upande wa kushoto, ukiiweka injini kulia kwa dereva cheni inapita kando ya nyonga yake. Kinga ya bati lazima iwepo kabla ya kuwasha hata mara moja. Leso au shati pana likinaswa hapo hakuna muda wa kuzima.

Halafu kuna petroli. Pikipiki hulishwa kutoka tangi lililo juu, na kwenye kart tangi liko miguuni. Bila pampu ndogo ya mafuta, injini huzima baada ya dakika chache na fundi huanza kulaumu plagi. Joto nalo: silinda inayopozwa kwa upepo imejificha nyuma ya kiti, upepo haiupati. Bati la kuelekeza hewa husaidia, feni husaidia zaidi.

La oili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani. Pikipiki hulala kwenye kona, kwa hiyo oili hubaki chini mahali pake. Kart hailali. Oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, beringi zinakauka. Kwa injini ya 150 yenye matairi ya kawaida hilo huvumilika. Kwa injini ya 600 inayokata kona kwa kasi, bila vizuizi vya bati ndani ya sampu, huna injini tena.

Hapo ndipo hoja ya injini kubwa inapoishiwa pumzi. Watetezi wake husema nguvu si lazima uitumie yote, kanyaga kidogo. Lakini fremu ya go-kart haina springi wala difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, na kart hukata kona kwa fremu kujipinda kidogo ili tairi ya ndani inyanyuke. Bomba la maji lililochomelewa bila kusagwa zinki yake halijipindi, linapasuka pale lilipochomelewa. Breki moja ya diski kwenye ekseli ya nyuma yatosha kwa 60 kwa saa. Kwa 120 inabidi izuie nishati ya mwendo mara nne, na kwa vile uzito umeegemea mbele, matairi ya nyuma yanagoma kuzunguka na kart inazunguka kama pia. Kart za mashindano zenye giya, ambazo nyingi ni cc 125 tu, huwa na breki mbele na nyuma na ekseli ya milimita 50. Ukiona mtu ana injini ya 600 na ekseli ya milimita 25, mwambie aanze kwa kuuza injini.

Na ataiendesha wapi? Barabarani haramu, kwani chombo kisichosajiliwa na kisicho na bima hakiruhusiwi. Ufukweni kuna watu, kuna mayai ya kasa, na chumvi itakula cheni kabla ya mwezi kwisha. Mitaa ya Lamu usiitaje, punda wawili wakikutana tayari ni foleni. Kinachobaki ni uwanja wa kukodi wenye kona fupifupi, ambako injini ya 600 haitoki giya ya pili, na ile ya bodaboda inazitumia zote.