Draiva za sauti kwenye Linux: za zamani zifutwe au zitunzwe?

Desemba 2024, vyombo vya dola nchini Serbia vilichukua simu ya mwanafunzi mwanaharakati na kuifungua bila ridhaa yake. Februari iliyofuata, Amnesty International ilieleza njia iliyotumika. Vifaa vya Cellebrite, kampuni inayouza zana za kufungua simu, viliunganishwa na simu kwa USB, vikajitambulisha kwa kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux iliyomo ndani ya Android kana kwamba ni vifaa vya kawaida, kisha vikatumia kasoro za draiva (programu zinazoiwezesha kerneli kutumia vifaa) zilizovipokea. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni ile iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-53197. Hiyo ilikuwa kwenye draiva ya sauti ya USB, katika kipande cha msimbo kilichowekwa kwa ajili ya vifaa viwili, Extigy na Mbox.

Extigy ni kisanduku cha sauti cha Sound Blaster cha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo ni nadra kukikuta hata kwa fundi anayehifadhi kila kitu. Msimbo wake, hata hivyo, umo mfukoni mwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina hilo. Wanaotaka draiva kuukuu ziondolewe kwenye kerneli hawajawahi kupata ushahidi mzito kuliko huu, na anayetaka kuwapinga (mimi nawapinga, ingawa si kwa yote) inambidi aanzie hapo hapo.

Hoja yao haiishii kwenye usalama. Draiva ikishaingia kwenye kerneli haikai tu kama kitabu rafuni. Linux haijaahidi kutobadilisha mambo yake ya ndani. Ahadi iliyopo, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, huilinda kwa ukali unaojulikana, ni kwa programu za watumiaji: zilizofanya kazi jana zifanye kazi leo. Ndani ya kerneli mambo hubadilika kila toleo, na anayebadilisha ndiye anayewajibika kupita kwenye draiva zote zinazoguswa na kuzirekebisha, ikiwemo ya Sound Blaster 16, kadi ya mwaka 1992. Kadi yenyewe hana. Anachoweza kuhakikisha ni kwamba msimbo unakubali kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa programu. Kwa hiyo draiva inaweza kurekebishwa mwaka hadi mwaka na watu ambao hawajawahi kuisikia ikitoa mlio, na hakuna ajuaye kama bado inafanya kazi.

Marekebisho ya sauti nayo hupita mikononi mwa watu wachache mno. Takashi Iwai wa kampuni ya SUSE amebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa miaka mingi, pamoja na Jaroslav Kysela aliyeanzisha ALSA, mradi wa mfumo wa sauti wa Linux, mwaka 1998. Saa wanayoitumia kwa kadi iliyokufa inatoka kwenye laptopu iliyoingia sokoni mwezi uliopita. Tena kufuta si mwiko. Mwaka 2012 Torvalds alikubali kuondoa msimbo wa prosesa ya Intel 386, ile ile aliyoanza nayo, na akasema wazi kwamba haimuumi. Draiva za OSS, mfumo wa sauti uliotangulia ALSA, nazo zilipunguzwa polepole baada ya kerneli 2.6 kutoka Desemba 2003, na wengi wetu hatukugundua.

Mpaka hapo hoja inasimama. Inaanza kuyumba tunapotazama kazi ya kila siku ya watu hawa, maana sehemu kubwa yake haihusu kadi za makumbusho. Inahusu laptopu ambazo BIOS yake, programu inayoianzisha mashine, haisemi kweli.

Tangu 2004 kompyuta nyingi zimefuata mpango wa Intel uitwao HD Audio. Upande wa kerneli njia ni moja, lakini nyuma yake kuna chipu ya kodeki (inayogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data), mara nyingi ya Realtek, Conexant au Cirrus Logic, na kodeki ina pini, yaani ncha za kuunganishia. Kila pini ina maelezo yake ya biti 32: hii inakwenda kwenye spika, hii ni tundu la hedifoni upande wa kushoto, hii ni maiki ya ndani. Maelezo hayo huandikwa na BIOS mashine inapowaka. Thamani 411111f0 huwa na maana kwamba pini haijaunganishwa na chochote. Sasa mtengenezaji akiunganisha spika ya pili na kusahau kubadilisha thamani hiyo, Windows haitaona shida, kwa sababu draiva iliyokuja na mashine inajua ukweli wa modeli ile. Linux huuliza BIOS, hujibiwa kwamba hapo hakuna kitu, na spika inabaki kimya.

Tiba huwa ni mstari mmoja kwenye jedwali refu. Mfano mzuri ni HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, mashine ambayo aliyenunua laptopu ya mtumba Kariakoo au Nairobi huenda ameishika kwa mikono yake. Mstari wake una vitu vinne: 103c, ambayo ni namba ya HP; 8079, namba ya modeli; jina la mashine kwa ajili ya wanadamu; na jina la tiba. Tiba yenyewe inazieleza upya pini mbili ili doki (kituo cha kuichomekea) ya mashine hiyo iweze kupitisha sauti ya kutoka na ya kuingia. Wenye modeli nyingine hawaguswi na mstari huo.

Kuna mahali mpango huu unakuwa kichekesho. Lenovo ilitoa Yoga C940 na Yoga Duet 7 zikiwa na namba moja ya utambulisho, ilhali ndani yake kuna kodeki tofauti. Ukiitibu moja unaiharibu nyingine. Ilibidi iandikwe tiba ya pekee ambayo inatazama kwanza kodeki ipi imo, ndipo iamue ifanye nini, na juu yake mwandishi akaacha maelezo ya sababu ili anayekuja baadaye asidhani ni uzembe akaifuta. Uzembe upo, ila si wa mwandishi wa kerneli.

Anayetetea usafi wa kerneli husema hapa: basi mzigo huu urudi ulikotoka. Mtengenezaji asahihishe BIOS, atoe sasisho, mambo yaishe. Kwa mashine mpya nakubaliana naye kabisa. Kwa mashine ya 2016 ni ndoto. Kampuni haitatoa BIOS mpya kwa laptopu ambayo haiiuzi tena, na hata ikitoa, aliyeinunua mkononi mwa mtu wa tatu hatajua. Kerneli ndiyo mahali pekee ambapo sasisho linamfikia bila yeye kulitafuta.

Jambo hili limezidi kutuhusu sisi huku tangu Windows 10 ilipoachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kimsingi prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. Laptopu za aina hiyo zilizojaa madukani mwetu hazina kasoro yoyote ya kimwili, na njia halali ya kuendelea kupata masasisho ya usalama bure kwa muda mrefu ni kuhamia Linux. Zikihama na zisitoe sauti, mwenye nazo hatasema BIOS ilikosea. Atasema Linux mbovu, na atarudi kwenye Windows ya zamani iliyovunjwa kufuli.

Kinachoshangaza ni kwamba mitumba hii ina bahati kuliko nyingi zilizo mpya. EliteBook, Latitude na ThinkPad zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi makubwa. Kampuni zinazolipia uthibitisho wa Linux, kama vile kupitia Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, hupeleka watu wanaojaribu modeli hizo na kutuma mistari yao mapema. Laptopu ya bei nafuu ya nyumbani haina mtetezi kama huyo. Unaweza kuinunua ikiwa bado na nailoni na sauti yake ikawa na taabu kuliko ya mashine iliyofanya kazi miaka minane kwenye benki ya Ulaya.

Taabu hiyo mara nyingi sasa inatoka kwenye amplifaya zenye akili, kama CS35L41 ya Cirrus Logic. Amplifaya hizi hutaka fimwea yake (programu inayoendesha chipu), faili la kurekebisha mlio kwa spika husika, na maelezo kutoka BIOS ya namna zilivyofungwa. Modeli kadhaa ziliuzwa bila maelezo hayo. Baada ya malalamiko kurundikana, wahandisi wa Cirrus wenyewe walitengeneza jedwali ndani ya kerneli linalojaza pengo la BIOS, likaingia kwenye toleo 6.7. Ni kiraka juu ya kosa la mwingine, lakini kimeshonwa na anayeijua chipu, na huo ndio mpango ninaoutaka: jedwali libaki kwenye kerneli, mwenye chipu alipe kwa muda wa wahandisi wake.

Tena kukosea hapa si suala la ukimya tu. Spika ndogo za laptopu za kisasa husukumwa karibu na ukomo wake, na anayezisukuma asipopima joto anaweza kuziunguza. Kundi la Asahi, linaloleta Linux kwenye kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata, lilikataa kuwasha spika mpaka lilipoandika programu ya kuzilinda, iitwayo speakersafetyd. Watu walinung'unika kwa kusubiri. Nadhani kundi lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo turudi Serbia. Je, tukio lile halitoshi kusema zama za kubeba kila kitu zimekwisha? Linatosha kusema jambo moja mahususi. Mstari wa EliteBook ni data tu. Unasomwa mara moja mashine inapowaka, unalinganishwa na namba ya kifaa kilichofungwa ndani, na mtu wa nje hawezi kuubadilisha kwa kuchomeka waya. Msimbo wa Extigy ni kitu kingine kabisa. Huo unaamshwa na kifaa kinachochomekwa, na kifaa hicho kinaweza kudanganya kuhusu jina lake na ukubwa wa taarifa zake. Kuvitia vyote viwili kwenye kapu moja la "draiva za zamani" ndiko kunakowachanganya watu. Hatari haitokani na umri. Inatokana na nani anaweza kuuamsha msimbo, na kama kuna mtu bado anaupima.

Wala jibu rahisi la kuiondoa draiva ya sauti ya USB kwenye simu halipo. Simu nyingi sasa hazina tundu la hedifoni, na hedifoni nyingi za waya zinazotumia Type-C hupitia draiva hiyo hiyo. Shida ni kwamba mtengenezaji wa simu akiichukua, anaichukua pamoja na tiba za vifaa vyote vilivyowahi kuwa na kasoro, Extigy ikiwemo. Ningependa tiba za vifaa vya kale zitenganishwe, ziwe chaguo ambalo simu inaweza kulizima wakati wa kukompaili na kompyuta ya studio ikaliwasha. Watunzaji wana jibu la kweli dhidi ya hili: kila chaguo jipya huzalisha michanganyiko ambayo hakuna anayeijaribu, na msimbo usiojaribiwa ndio uliotufikisha hapa. Nalikubali, lakini bado naona hasara hiyo ni ndogo kuliko kuacha kipande hicho kwenye mabilioni ya simu.

Maana kurekebisha peke yake hakumfikii kila mtu. Tiba ya CVE-2024-53197 iliingia kwenye taarifa ya usalama ya Android ya Aprili 2025, lakini simu nyingi za bei nafuu huacha kupata masasisho mapema, na zinaendelea kutumika miaka baada ya hapo. Kerneli zenyewe zina muda mfupi zaidi kuliko zamani: Septemba 2023 ilitangazwa kwamba utunzaji wa matoleo ya muda mrefu ungeshushwa kutoka miaka 6 hadi 2, kwa sababu ile ile ya watunzaji kuchoka. Kiraka kisichofika ni sawa na kisichoandikwa, na kwa mwenye simu ya namna hiyo msimbo ambao haukuwekwa kabisa ndio pekee ulio salama.

Kwa kadi za ISA (aina ya tundu la kompyuta za zamani), zile za Gravis na Sound Blaster za kwanza, sina ugomvi na anayetaka kuzifuta. Hakuna anayeweza kumdukua mtu kwa kumchomekea kadi ya ISA kwenye simu, hivyo sababu ya usalama haipo, ila hata sababu ya kuzitunza imebaki kwa wapenzi wachache wa mashine za kale, ambao wanaweza kutumia kerneli ya zamani. Sharti langu ni moja: kabla ya kufuta, draiva itangazwe kwa matoleo kadhaa kwamba inatafuta mtu mwenye kadi, na akijitokeza hata mmoja anayeweza kuijaribu kila toleo, ibaki. Kwa jedwali la laptopu nisingeweka hata sharti hilo. Likue tu. Fundi wa Kariakoo anayepokea mashine nyingi kila wiki anaweza kuendesha alsa-info.sh kwenye ile isiyotoa sauti, skripti hiyo ikamtolea thamani zote za pini, na akiziambatanisha na ripoti ya kasoro kwa distro (mkusanyo wa Linux kama Ubuntu) anayoitumia, mtunzaji aliye mbali anapata karibu kila anachohitaji kuandika mstari mwingine.