Ringi ya 28 Ni Kubwa Kuliko ya 29, Halafu Mnataka Nisichanganyikiwe

Nilikuwa na amani zangu hapa Kihonda, Morogoro, mpaka jioni ile nilipoingia shimo na baiskeli. Wala halikuwa shimo la kutisha. Lilikuwa hili letu la kawaida, limejaa maji ya rangi ya chai, hujui kina chake mpaka umo ndani. Nilipotokea upande wa pili, tairi la nyuma lilikuwa limepiga nane. Nane kamili. Ukilitazama kwa nyuma likizunguka linakata kiuno kama limeitwa kwenye mdundiko.

Mtu mwenye akili zake angekwenda kwa wauza mitumba, akachukua tairi zima lililokwisha fungwa, akaendelea na maisha. Mimi nikasema hapana. Baiskeli yangu ni ya gia, ya kupandia milima, ina breki za diski. Hii nitaisukia ringi mpya, kwa vipimo vyangu. Nani alinituma? Hakuna aliyenituma.

Ukisikia kusuka ringi unadhani ni kitu kimoja. Kumbe ni vitu vinne: habu (ile ya katikati ya tairi zinakoanzia spoku), ringi, spoku na nipo. Na vinne hivyo havisalimiani.

Nikaanza na ringi, maana marehemu baba aliacha baiskeli yake ya Phoenix stoo, ringi ya inchi 28, haina hata kutu ya maana. Yangu ni 29. Nikapiga hesabu za darasa la pili: 28 ni pungufu moja tu, tairi nikilibana vizuri litakaa. Basi nikalivuta. Nikalivuta na magoti. Nikamwita jirani, tukalivuta wawili, jasho linatutoka, tairi linakataa kuingia. Linakataa kwa sababu ni dogo! Fundi akaja kunicheka na futi yake mkononi. Pale tairi linapokalia, ringi ya 28 ya hizi Phoenix za wazee ni milimita 635. Ya 29 ni 622. Yaani 28 ni kubwa kuliko 29. Nikauliza aliyepanga hivyo alikuwa amekula nini. Fundi akasema wamehesabu pamoja na unene wa tairi, na la 29 ni nene zaidi. Sawa, basi na mimi siku nyingine nikipimwa kiuno kwa fundi cherehani nipimwe na koti.

Na kuna 27.5 pia. Nusu inchi! Mtu mzima amekaa ofisini anagawa inchi.

Ringi nikanunua. Ikaja zamu ya habu. Fremu yangu kwa nyuma, kati ya mkono na mkono, ina nafasi ya milimita 135. Nikapiga simu Kariakoo, nikasema vizuri kabisa, mia moja thelathini na tano. Basi likashusha kifurushi Msamvu, nafungua nakuta 148. Nampigia muuzaji, ananiambia, "Bosi, hiyo ndiyo ya kisasa." Nakubali ni ya kisasa, lakini mlango wangu ni wa kizamani, nibomoe nyumba? Nikairudisha. Ya pili ikaja, 135 safi, nikapiga vigelegele mimi mwanaume peke yangu pale stendi. Fundi akaishika, akahesabu matundu kimya kimya. Matundu 36. Ringi yangu ina 32. Spoku nne zingekwenda kulala kwa shemeji.

Ya tatu ndiyo ikakubali. Nauli ya vifurushi peke yake ningekwisha kwenda Dar nikarudi na zawadi za watoto.

Halafu nipo. Nipo ni vile vikofia vidogo vya shaba vinavyoshika spoku kwenye ringi. Nimefika dukani, nauliza nipo. Kijana wa dukani anajibu, "Nipo zimeisha." Namwuliza nani yupo basi? "Mimi nipo, mzee, ila nipo hakuna." Tukaendelea hivyo mpaka mama muuza vitumbua akahamisha ndoo yake.

Sasa kusuka kwenyewe, hapo lazima nimvulie fundi kofia. Anakaa chini ya mwarobaini na kistuli chake kilichokatika mguu mmoja, anaipakata habu mapajani kama mtoto anayenyolewa. Anaweka spoku nane kwanza, tundu moja la ringi anapitisha, matatu anaruka. Halafu nane za upande wa pili. Kisha zinaanza kukatizana: kila spoku inapishana na wenzake watatu, na yule wa tatu inampita kwa chini. Upande wa gia spoku ni fupi kidogo na zinakazwa zaidi, maana gia zimekula nafasi, na ringi lazima ikae katikati ya fremu. Mke wangu anasukwa rasta kichwa kizima kwa siku moja na umbea juu. Spoku 32 zilikula siku sita.

Na siku tatu kati ya hizo ni zangu mimi. Nilimwomba fundi aniachie zile nane za kwanza, nami nionekane nimo. Nikaanza tundu moja pembeni ya pale panapostahili. Hakuna aliyegundua. Fundi akamaliza, akageuza baiskeli miguu juu, akafunga kipande cha spoku kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, ncha yake ikaikaribia ringi kama ukucha. Anazungusha, inapokwaruza anasimama, anakata nipo robo. Robo tu, ukikata nusu unahamishia nane upande wa pili. Krr. Robo. Krr. Robo. Anazipiga spoku kwa kidole anasikiliza sauti, ile inayolia chini anaikaza. Mwisho ringi ikawa inazunguka kama maji mtungini, huoni hata unywele. Tukapeana mikono. Akaweka tyubu na tairi, akachukua pampu.

Mdomo wa pampu hauingii. Vali imetokea chini kabisa ya makutano ya spoku, imebanwa kama abiria wa siti ya nyuma. Ringi imenyooka, nzuri, ila haiwezi kuingia upepo. Fundi akanitazama. Hakusema neno. Akafyonza, fyonzo refu la kutoka Kihonda mpaka Chalinze, akaanza kufungua zote thelathini na mbili.

Diski tukafunga, skrubu sita, inakwaruza kidogo, tumezoea.

Baiskeli nzima nilinunua laki mbili na ishirini. Tairi la nyuma limenigharimu laki moja na themanini na saba. Mke wangu aliuliza kwa upole, ule upole wa hatari, "Baba, na hili ukilipeleka sokoni linarudi na mboga lenyewe?"

Jumapili nikaamua kuijaribu njia ya Morningside. Ile njia inapanda, haina utani. Kona ya tatu nimeshuka, naisukuma, pumzi inatoka na masikio. Mara naona kijana anateremka na Phoenix, nyuma mikungu mitatu ya ndizi, ringi ya mbele inaandika nane, nyuma inaandika nane, breki hana, amekanyagia tairi kwa kandambili. Akasimama. Akasimama kabisa, pale pale, na kandambili.

"Shikamoo mzee. Umeharibikiwa?"

"Marahaba. Hapana mwanangu," nikamwambia, "naipoza ringi."