BrahMos, Exocet na gharama ya kasi chini ya maji

Tarehe 20 Machi 2013, India ilirusha BrahMos, kombora iliyolibuni pamoja na Urusi, kutoka kwenye jukwaa lililozamishwa baharini karibu na Visakhapatnam, nalo likachomoza juu ya maji na kuruka umbali wake wote wa kilomita 290. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba kombora la kruzi, yaani linaloruka kwa injini kama ndege, lenye kasi inayokaribia mara tatu ya sauti linaweza kufyatuliwa kutoka chini ya maji. Hata hivyo, nyambizi za daraja la Kalvari, ambazo India ilianza kuziingiza kazini Desemba 2017, zinabeba Exocet SM39 la Ufaransa, kombora lisiloifikia kasi ya sauti. Wafuatiliaji wengi wa masuala ya kijeshi huuchukulia uamuzi huo kuwa ni uzembe, au ni ishara ya nchi isiyoithamini silaha yake yenyewe. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, inaitazama kasi peke yake na kusahau kila kitu ambacho kasi hiyo hukidai.

Hoja ya wanaoitetea kasi ni nzito na inastahili kusikilizwa. Kombora linaloruka karibu na uso wa bahari huonekana na rada ya manowari likiwa limebakiza takriban kilomita 30, kwa sababu dunia imepinda na rada haiwezi kuona nyuma ya upeo wa macho. Kutoka hapo, kombora la polepole huhitaji kama sekunde 100 kufika, ilhali lile linalokwenda mita 850 kwa sekunde huhitaji 35 tu. Ndani ya muda huo mabaharia wanapaswa kuligundua, kulitambua, kufyatua kombora la kujihami na, likikosa, kufyatua jingine. Isitoshe, kombora lenye kasi mara tatu hupiga kwa nishati mara tisa kwa kila kilo ya uzito wake, na shabaha haipati muda wa kwenda mbali: meli inayokimbia kwa noti 30 (kama kilomita 55 kwa saa) husogea karibu kilomita 15 wakati kombora la polepole likiikata safari ya kilomita 290, lakini husogea kilomita tano na kidogo tu likija BrahMos.

Hizo sekunde 35 ndizo zinazonukuliwa kila mahali, nami naona ndizo zinazopotosha zaidi. Ni za kweli tu ikiwa kombora limeruka chini hadi mwisho, na kombora lenye kasi hiyo haliwezi kuruka chini kwa safari ndefu. Injini yake ya ramjeti, inayotegemea kasi ya kombora lenyewe kuishindilia hewa ndani, hula mafuta kwa pupa katika hewa nzito ya karibu na maji. Yakhont, toleo la kuuzwa nje la kombora la Kirusi la Oniks ambalo BrahMos lilitokana nalo, hufika kilomita 300 likipanda juu kwanza na kushuka mwishoni, lakini likiruka chini safari nzima hufika 120 tu. Likiwa kwenye kimo cha kilomita 14 halifichwi tena na mpindo wa dunia, kwani kwa hesabu ya upeo peke yake rada ya meli inaweza kulifikia hata likiwa umbali wa kilomita 400 na zaidi. Kwa hiyo, katika safari ya dakika sita, meli yenye rada yenye nguvu inaweza kupata dakika kadhaa za tahadhari. Kombora la polepole husafiri dakika 16 na huonekana kwa zile sekunde 100 za mwisho pekee. Anayeshambuliwa na kombora la kasi, basi, anaweza kupata muda mrefu zaidi wa kujiandaa kuliko anayeshambuliwa na la polepole, na jambo hili ni nadra kuandikwa pembeni mwa zile takwimu za kasi.

Historia ya vita inaunga mkono tahadhari hii. Manowari ya Israel, Eilat, ilizamishwa tarehe 21 Oktoba 1967 na makombora ya Kisovieti yaliyorushwa na boti za Misri kutoka Port Said, na watu 47 wakafa. Manowari ya Uingereza, Sheffield, ilipigwa na Exocet tarehe 4 Mei 1982, watu 20 wakapoteza maisha. Manowari ya Urusi, Moskva, iliyozama Aprili 2022 katika vita vya Ukraine, yenyewe ilikuwa na mirija 16 ya makombora yanayoipita sauti. Ukraine na Marekani zinasema ilipigwa na makombora mawili ya Kiukraine ya Neptune, ambayo hayaifikii kasi ya sauti, ingawa Urusi ilitaja moto tu. Katika matukio haya yote waliopigwa walikuwa na mianya katika ulinzi wao, na kombora la kasi nalo lingepita humo. Lakini la polepole lilitosha.

Kwa nyambizi tatizo huongezeka, maana kinga yake kuu ni kutojulikana ilipo. Kombora linalopanda hadi kilomita 14 linaweza kumwonyesha adui mahali lilipotokea. Lipo pia suala la ukubwa. BrahMos lina uzito wa takriban tani tatu na urefu wa zaidi ya mita nane, kwa hiyo haliingii katika mirija ya topido yenye kipenyo cha milimita 533 na linahitaji mirija yake ya wima. Exocet SM39 lina uzito wa kilo 650 hivi na hutoka kwa mirija ileile ya topido. Kalvari ina urefu wa mita 67.5, mirija sita na nafasi ya silaha 18 kwa jumla. Wasovieti, walipotaka nyambizi ya kubeba makombora 24 ya Granit, yanayoipita kasi ya sauti, kila moja la tani saba hivi, walijenga mashine za nyuklia kama Kursk, zenye urefu wa mita 154.

Hata hivyo, kwangu mimi hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya macho. Kombora linalofika mamia ya kilomita linahitaji mtu wa kulionyesha shabaha iko wapi, na masikio ya nyambizi hayawezi kutegemewa kufika huko. Moscow ililielewa hilo, ndiyo maana ilirusha setilaiti za rada zilizoendeshwa kwa vinu vya nyuklia ili kuzifuatilia meli za Marekani; mojawapo, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 na kumwaga mabaki yenye mionzi. Hiyo ilikuwa sehemu ya gharama ya silaha ya masafa marefu, nayo haimo katika bei ya kombora.

Exocet, lenye masafa ya kilomita 50 hivi, linamlazimisha nahodha asogee karibu, na huo ni udhaifu wa kweli usiofaa kufichwa, hasa akikabiliana na kundi la meli lenye helikopta za kuwinda nyambizi. Lakini katika umbali huo anaweza kuisikia shabaha yake mwenyewe. Kwa manowari za juu ya maji, kama zile za daraja la Visakhapatnam zenye BrahMos 16 kila moja, naukubali uamuzi wa India bila shida: meli hizo zina nafasi, zina helikopta za kutazama mbali, zinaweza kuwasiliana na ndege za doria wakati wowote, na tayari zinaonekana.

Wanaotaka nyambizi ijayo ya India ijengwe na mirija ya wima wanapaswa kueleza kwanza ni ndege gani au setilaiti gani itakayompa nahodha mahali pa shabaha kila baada ya dakika chache, bila kumlazimisha ainue antena juu ya maji. Hadi hilo lieleweke, Exocet ndilo kombora ambalo nahodha wa Kalvari anaweza kulirusha kwa kutegemea kile alichokisikia yeye mwenyewe.