Nyuzi nane, kazi tatu: hesabu RAM kabla ya viini

Ushauri anaopewa kila anayejenga paketi kutoka kwenye chanzo ni uleule: angalia prosesa ina nyuzi (threads) ngapi, idadi hiyo iweke kwenye -j, chaguo la zana ya make linalosema kazi ngapi za kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, ziende kwa pamoja. Watumiaji wa Arch, toleo mojawapo la Linux, huandika MAKEFLAGS="-j$(nproc)" ndani ya /etc/makepkg.conf, yakaishia hapo. Kwa paketi ya C yenye mafaili madogo madogo wako sahihi, na kuibania kazi mbili ni kupoteza muda tu.

Ila kompyuta mpakato ya mtumba yenye GB 8, ambayo kijana wa Mwanga au Ujiji anaitegemea kwa kila kitu, huishiwa RAM mapema kuliko viini (cores) vya prosesa. Gentoo, toleo jingine la Linux ambao kukompaili ndiyo maisha yao, wanashauri GB 2 kwa kila kazi. Toa GB 2 za mfumo na kivinjari, zinabaki 6: kazi tatu. Prosesa ya viini 4 na nyuzi 8, amri ya nproc, inayohesabu nyuzi, itakujibu 8.

Ukiifuata hiyo 8 kwenye C++ nzito, diski inaanza kubeba mzigo wa RAM, kipanya kinaganda, kisha kerneli, moyo wa mfumo, inaua kompaila: "Killed signal terminated program cc1plus". Wengi hudhani msimbo ni mbovu. Ungetazama dmesg, ujumbe wa kerneli, ungeona "Out of memory". Kuunganisha mafaili yaliyokompailiwa kuwa programu moja mwishoni ndiko kunakokula RAM zaidi. Ndiyo maana LLVM, mradi mkubwa wa kompaila, ina LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS, idadi ya kazi za kuunganisha kwa pamoja, ambayo ni busara kuiweka 1 ukitumia Ninja, zana mbadala ya make.

Halafu kuna umeme, na betri za mtumba tunazijua. Ukikatika katikati, faili la .o (tokeo la kukompaili faili moja la msimbo) lililoandikwa nusu hubaki na saa mpya, make ikirudi inaliona limekamilika na kuliruka, unganisho linafeli. Kazi nane zinaweza kuacha mabaki manane. Mabaki matupu yafute kwa find . -name '*.o' -size 0 -delete. Yaliyokatika nusu yanahitaji make clean.

Chaguo la -l la make, linalozuia kazi mpya mzigo ukizidi, halisaidii sana hapa, maana linapima mzigo wa mfumo, si RAM. Ninja nayo haisomi -j3 ya MAKEFLAGS: kwa nyuzi 8 inaanzisha kazi 10, hadi uiambie yenyewe ninja -j3. Ukijenga paketi za Debian, toleo jingine la Linux, ni DEB_BUILD_OPTIONS=parallel=3.

Ikifeli kwa tatu na RAM ipo, jaribu -j1. Ikipita, huenda Makefile, faili la maelekezo ya make, haikutaja tegemezi fulani, yaani faili linalopaswa kutangulia jingine. Hilo mpelekee mwenye paketi.