Simu haikusikilizi, inahesabu unachobonyeza

Hapa Dodoma, kuanzia vijiwe vya boda Majengo mpaka maofisini Mtumba, watu wameshaamini simu zinatusikiliza, eti ukiongelea godoro jioni, asubuhi matangazo ya magodoro haya hapa. Wengi wanaolaani mapendekezo ya mtandaoni, yaani vile mtandao unavyokuchagulia video na matangazo, wanaanzia hapo, ndo mana naona upande wa wanaoyatetea hausikilizwi. Mashine, yaani programu inayokuchagulia, haihitaji maikrofoni jamani. Inahesabu ulichobonyeza, ulichoruka, ulipokaa sekunde ngapi, halafu inatafuta watu wenye tabia kama yako na kukuletea walichopenda wao. Si jambo geni, 2009 Netflix, kampuni ya filamu za mtandaoni, walitoa dola milioni 1 kwa timu iliyoboresha kwa asilimia 10 ubashiri wao wa filamu gani mtu atapenda.

Sasa chukua mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, majani yamepata unga mweupe, kaangalia video moja ya ubwiri unga mpaka mwisho. Hata hajui aandike nini ili atafute zaidi, ila kesho yake analetewa mambo ya kupuliza salfa, keshokutwa kupogoa. Bila mashine kumsoma angeletewa kinachopendwa na wengi, na wengi hawana shamba la zabibu, kwahiyo ni Simba na Yanga na ugomvi wa mastaa wa Dar asubuhi mpaka usiku. Na anayemsikiliza Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, anaweza kujikuta kwenye ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo, we niambie redio gani itampigia hiyo saa nne usiku.

Ila kuna namba hainitoki kichwani. Mwaka 2018 Neal Mohan, bosi wa bidhaa wa YouTube kipindi hicho, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanaangalia video huko unatokana na mapendekezo. Piga hesabu, katika saa moja dakika 42 hukuzitafuta wewe. Utumwa? Mi nasema tusikimbilie huko, mana hata kwenye daladala ya Nkuhungu wimbo anachagua konda na hatujawahi kuandamana. Shida ni kwamba hizo dakika 42 zinakula bando lako, na mashine inapima zaidi muda na kubonyeza kuliko majuto. Kijana akifungua mkeka mmoja wa kubeti, inaona kapenda, inamletea mwingine na mwingine, ni vigumu itofautishe anayependa na aliyeshindwa kuacha. Hapo wapinzani wana hoja na sina cha kuwajibu.

Ulaya toka 2023 mitandao mikubwa inalazimika kukupa chaguo la mapendekezo yasiyofuata tabia yako. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, unaweza kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara, na huyo wa mikeka angeanzia hapo. Ila wanaotaka yote yazimwe kwa kila mtu waende kwanza Mpunguzi wakamwambie yule wa zabibu wanamlinda na nini.