Kinyonga Hajifichi Usiku

Mchana unaweza kupita chini ya mti wenye vinyonga watano usimwone hata mmoja. Usiku mambo hugeuka. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na kwa kuwa hupenda kulala kwenye ncha ya kijiti, mahali ambapo nyoka hawezi kumfikia bila kutikisa tawi na kumwamsha, tochi ikimmulika anaonekana mweupe kati ya majani kama kipande cha karatasi kilichopeperushwa na upepo. Aliyewahi kutembea usiku na kiongozi wa kijijini katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, amelijua hilo baada ya dakika kumi tu. Hapahitajiki shahada. Panahitajika tochi, macho na kutokuwa na haraka.

Ndiyo maana nawasikiliza kwa mashaka wanaosema mpiga picha wa vinyonga na mkamataji wa vinyonga ni watu wawili wasiohusiana. Tochi ni ileile, njia ni ileile, na mara nyingi anayewatangulia ni kijana yuleyule wa kijiji kile. Wanaachana pale mnyama anapoonekana: mmoja anatoa kamera, mwingine anatoa mfuko wa kitambaa. Kabla ya hapo huwezi kuwatenganisha, na hata baada ya hapo, kama nitakavyoeleza, kamera si safi kama tunavyopenda kuamini.

Kwa miaka mingi kutafuta nyoka, mijusi na vyura kwa raha tu kulionekana kichaa cha wageni. Mzungu aliinua magogo, sisi wengine tulikimbia. C.J.P. Ionides, ofisa wa wanyamapori wa enzi za mkoloni aliyefariki 1968, alikamata nyoka wenye sumu kwa maelfu kusini mwa Tanganyika mpaka wenyeji wakambandika jina la Bwana Nyoka. Siku hizi wapo vijana wa Kitanzania na Kikenya wanaozunguka na simu, wanapiga picha za vyura wa bwawani na kuzipandisha kwenye iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako wengine huwasaidia kutambua ni chura gani. Kiswahili kinaliita jambo la namna hii uraibu, neno lilelile linalobeba tambuu, tumbaku na kila kitu ambacho mtu akishakionja hakiachi. Waliolianzisha walijua walichokuwa wanasema.

Tuanze na upande mchungu, kwa kuwa una hesabu zake. Msitu wa Kimboza uko chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na ukubwa wake ni takriban kilomita 4 za mraba. Humo, na katika vipande vichache vya msitu jirani, ndimo anamoishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu ya kung'aa, buluu ambayo ukiiona pichani utadhani imeongezwa kwa kompyuta. Wataalamu wanamwita Lygodactylus williamsi. Hakai kwenye kila mti. Anakaa kwenye mikadi, ile miti yenye majani marefu ya miiba pembeni. Wapenzi wa kufuga mijusi Ulaya walipomgundua, mahitaji yakapanda. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi zaidi ya 32,000 katika eneo hilo. Na kwa kuwa mjusi hukimbilia juu, dawa ikawa kukata mkadi wenyewe. Anayenunua mjusi mmoja kwa ajili ya sanduku la kioo sebuleni hajui kwamba amelipia pia mti.

Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nje ya nchi. Alipita kwenye makaratasi kwa majina ya mijusi wengine wanaofanana naye, maana ofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wowote ule akifungua boksi la mijusi wadogo ataanzia wapi? Mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, akaingizwa kwenye Kiambatisho I, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini imefungwa.

Hapo watetezi wa ufugaji huwa wananyoosha mkono, na jibu lao si jepesi. Wanasema: mjusi huyu huzaana kwa urahisi kwenye masanduku ya kioo, waliopo mikononi mwa wafugaji Ulaya wamekuwa vizazi kwa vizazi, kwa hiyo asiyetaka kuumiza Kimboza anunue aliyezaliwa Ujerumani. Wanaongeza kwamba hata bila wao Kimboza ina matatizo yake: moto, na mti wa kigeni aina ya sedrela ulioletwa na watu na sasa unasonga miti ya asili. Yote ni kweli. Lakini aliyezaliwa Ujerumani na aliyeibwa Morogoro hawana alama ya kuwatofautisha kwa macho, na soko halali la mmoja ni mlango wa nyuma wa mwingine. Zaidi ya hapo, mkazi wa kijiji kilicho kando ya Kimboza, ambaye ndiye atakayeamua kama moto utazimwa au utaachwa, hapati hata senti kutoka kwa mjusi wa Ujerumani.

Sasa upande wa pili, na hapa mimi mwenyewe nimebadilika. Nilikuwa naamini kumweka mnyama wa porini kwenye boksi ni kosa, nukta. Kisha nikasoma habari za chura wa Kihansi. Aligunduliwa 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi kwenye eneo la takriban hekta 2 lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Ni mdogo sana, na hatagi mayai. Huzaa watoto wakiwa vyura kamili. Mradi wa umeme wa Kihansi wenye uwezo wa megawati 180 ulipoanza kuchukua maji mwaka 2000, sehemu kubwa ya maporomoko ilikauka na rasharasha zikaisha nazo. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani. Korongoni kukafungwa mipira ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 vyura walianguka ghafla, na kuvu, yaani ugonjwa wa ngozi unaoua vyura duniani kote, ikakutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliobaki duniani kote walikuwa kwenye masanduku, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakilishwa wadudu wadogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 walianza kuachiliwa tena korongoni. Bila boksi, chura huyu angekuwa jina kwenye kitabu.

Wafugaji wa nyumbani hupenda sana mfano huu, na hapo ndipo ninapowatilia breki. Waliofaulu walikuwa na madaktari wa wanyama, kumbukumbu za kila mzazi na kila mtoto, makubaliano ya maandishi na serikali ya Tanzania, na nia ya kumrudisha tangu siku ya kwanza. Hata hao walipoteza vyura wengi kabla ya kujua wanachofanya. Mtu mwenye vinyonga wawili kwenye veranda ana mapenzi, pengine ana ujuzi mkubwa wa unyevu na mwanga, lakini vinyonga wake hawana njia ya kurudi. Wakirudi ovyo huenda wakaleta balaa. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, waliokuwa wamesafirishwa kwa ajili ya duka la wanyama huko Hawaii, waliachiwa kwenye bustani ili wapate nafuu ya safari. Wakapata nafuu, wakaenea, na leo wanakula konokono wa asili wa visiwa vile wasiopatikana kwingine.

Basi kamera ndiyo jibu? Laiti. Mwaka 2011 wanasayansi walimtangaza nyoka mpya wa Tanzania, mwenye pembe juu ya macho, mweusi na manjano, Atheris matildae. Walipoandika ripoti walificha jina la msitu, wakasema tu ni kusini-magharibi mwa nchi, wakijua wanunuzi wa nyoka nao husoma ripoti. Sayansi, ambayo kazi yake ni kusema kitu kiko wapi, ililazimika kunyamaza. Sasa fikiria kijana anayepiga picha kwa simu, kisha anaituma pamoja na jina la msitu kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Hajauza kitu, hajachukua kitu, ila ametoa ramani. iNaturalist hufifisha mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini WhatsApp haijui chura ni nini.

Kuna na madhambi madogo ya wapiga picha ambayo hatupendi kuyataja. Kumtoa kinyonga usingizini na kumpandisha kwenye ua jekundu asilolijua, kwa sababu ua linapendeza. Kumchokoza afungue kinywa. Kumshika chura kwa mkono uliopakwa dawa ya mbu, wakati ngozi yake inanyonya kila kinachoigusa. Kutoka bwawa moja kwenda jingine na matope yaleyale kwenye buti, na pengine kuvu ile ndani yake. Katika milima ya Ukaguru kuna chura aliyetangazwa 2002 kwa jina la kisayansi Churamiti maridadi. Kiswahili kitupu, sijui kama lipo jina zuri zaidi katika vitabu vyote vya elimu ya viumbe. Alijulikana kutokana na vyura wawili tu. Kwa kiumbe wa namna hiyo sitaki kamera hamsini zije kwa pamoja, hata zote zikiwa na nia njema.

Hata hivyo nazipima dhambi hizi na faida, na faida inashinda. Katika jamii ambayo nyoka huuawa kwanza halafu ndipo huulizwa ni nyoka gani, kijana anayeweza kuitazama picha na kusema, “Huyu hana sumu, anakula panya, mwacheni,” ana thamani. Na aliyeumwa akifika hospitali na picha ya nyoka iliyopigwa kwa mbali, daktari ana pa kuanzia.

Sheria imechagua upande wake: Tanzania na Kenya zote zinataka kibali kwa anayemiliki mnyama wa porini. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka 2022 TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori nchini, ilipotangaza kuwafungulia wafanyabiashara kwa miezi sita, wizara iliusitisha uamuzi huo karibu papo hapo. Naiunga mkono marufuku kwa vinyonga na mijusi wa misitu midogo. Lakini ilifagia na wasiostahili. Wanavijiji wa Amani, walewale wa tochi, walikuwa wakifuga vipepeo tangu 2003 na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo, nje ya nchi, wakasimama. Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke umeonyesha kwamba kijiji kinachouza kilichozaliwa kwenye vibanda vyake huulinda msitu. Kipepeo hutaga mayai mamia na maisha yake ni mafupi. Kinyonga wa Usambara si hivyo, kwa hiyo siwezi kuupanua mfano huo kwa kila kiumbe. Ila kuufunga kabisa ni kumwambia kijana wa Amani kwamba msitu una faida kwa wageni tu.

Wanaosema hobi haina madhara nawakumbusha Naivasha. Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, waliofungiwa kwenye vichupa vidogo. Walijitetea kwamba wao ni wapenzi tu wa sisimizi. Mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, na kwa maoni yangu ilifanya vyema. Lakini sitaki sheria ileile imshike mtoto aliyeweka viluwiluwi kwenye chupa ya maji avione vikiota miguu. Mtoto huyo ndiye mpiga picha wa kesho, na chupa yake itamwagwa bwawani kabla ya wiki kuisha.

Nyumbani kwa bibi yangu Tanga kuna kobe. Alikuwepo kabla sijazaliwa, anajua saa ya maganda ya papai, na mvua kubwa ikinyesha huja mwenyewe kibarazani. Hana kibali. Hakuna msitu unaojulikana alikotoka, na ukimwachia barabarani atakanyagwa na bodaboda kabla ya magharibi. Kwa haya yote niliyoandika ningepaswa kumwambia bibi aende kumsajili. Nilijaribu Idi iliyopita. Akaniuliza kama na yeye nitamtafutia kibali cha kukaa pale.