Haraka hadi Kinshasa, Goma je?
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema fedha za mfuko wa pamoja wa misaada ya Kongo unaosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, hufika haraka kwa kuwa wafadhili hutia fedha kapu moja. Kufika Kinshasa, sawa. Lakini Goma, mji wa mashariki, benki zilifungwa waasi wa M23 walipoingia Januari 2025, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Chama kidogo cha wenyeji kitazishikaje fedha hizo? Nimeshuhudia wakala wa pesa za simu akimkata mama mjane sehemu ya msaada wake, eti noti ni adimu. Inauma! Tena wengi waliokimbia vita wanalala kwa familia zilizowapokea, nazo zimeishiwa. Mwaka 2016 wafadhili waliahidi mashirika ya wenyeji robo ya fedha za misaada. Mlioko Bukavu na Uvira, kwenu zinapitia wapi?